Mvamizi mmoja kwa kila fremu

Nilikuwa na pointi 90 katika Space Invaders, ule mchezo wa zamani wa mashine ya sarafu. Nikamlenga mvamizi wa safu ya chini kabisa, yule wa pointi 10, nikafyatua, akalipuka vizuri. Nikainua macho juu ya skrini nione 100. Haikuwapo. Mahali pa makumi palikuwa na alama moja ambayo si namba, na baada yake sifuri. Nikampiga mwingine. Alama nyingine tena, sifuri ileile.

Niliitazama ile alama kwa muda mrefu, na sikukasirika hata kidogo. Nilifurahi. Kosa lilikuwa langu, lakini lilinithibitishia jambo: programu niliyokuwa naiendesha haikuwa na habari kwamba imo ndani ya kompyuta yangu. Kwake ulikuwa bado mwaka 1978. Ilidhani inaongea na prosesa ya Intel 8080, ikaiomba ifanye kazi moja ndogo, na prosesa haikuifanya kwa sababu prosesa hiyo niliiandika mimi, nikaiacha na pengo.

Pengo lenyewe ni amri inayoitwa DAA. Space Invaders huhifadhi pointi kwa kubana tarakimu mbili ndani ya baiti moja, nusu baiti kwa kila tarakimu. Ukijumlisha 90 na 10 zilizobanwa hivyo, hesabu ya kawaida ya prosesa haitoi mia. Nusu ya juu ya baiti inakuwa kumi, na kumi si tarakimu. DAA inakuja baada ya kujumlisha na kunyoosha hesabu: inairudisha sifuri mahali pake na kubeba moja kwenda mbele. Nilipokuwa naandika amri za 8080 moja baada ya nyingine, nilifika hapo usiku nimechoka, nikaiacha tupu na kuandika pembeni "nitarudi". Sikurudi. Mchezo wenyewe ndio ulionirudisha.

Kwa asiyejua emuleta ni kitu gani, niseme kidogo. Unaweza kuuleta mchezo wa mashine ya sarafu kwenye kompyuta ya nyumbani kwa kuuandika upya: unautazama, unachora wavamizi wanaofanana na wale, unakisia mwendo wao. Watu wengi wamefanya hivyo, na macho ya mchezaji mzoefu huona tofauti ndani ya dakika moja. Njia nyingine ni kutougusa mchezo kabisa. Unachukua programu ileile iliyokuwa kwenye chipu za mashine, baiti kwa baiti, halafu unaandika programu nyingine inayojifanya mashine. Prosesa, kumbukumbu, waya wa kitufe cha kufyatulia, tundu la sarafu, vyote vinakuwa maneno ya kodi, yaani maandishi ya programu. Hiyo ya pili ndiyo emuleta, na ndiyo iliyonikalia kichwani miezi hii.

Bodi ya mashine, ile sahani yenye chipu zake, nilipewa. Mzee mmoja fundi, aliyetumia ujana wake kutengeneza mashine hizi, alikuwa nayo kwenye boksi lenye vumbi pamoja na vitufe vilivyopasuka. Aliniambia, "Kijana, hii imekufa siku nyingi. Lakini chipu huwa zinachelewa kusahau." Nikaichukua kama mtu aliyekabidhiwa mtoto.

Programu nzima ya Space Invaders imo kwenye chipu nne, kila moja kilobaiti 2, jumla baiti 8,192. Picha moja ndogo ya simu inazidi hapo mara nyingi sana. Nilizitoa taratibu kwa bisibisi nyembamba, nikazichomeka moja moja kwenye kisoma chipu. Tatu zilisomeka bila shida. Ya nne ilinipa jibu tofauti kila nilipoisoma, na hapo moyo ulinidunda, maana chipu inayobadilisha maneno huenda inakufa mikononi mwako. Nikaiangalia kwa kioo cha kukuza. Miguu yake ilikuwa myeusi kwa kutu. Nikaisugua mguu kwa mguu kwa kifutio cha penseli, nikapuliza, nikaisoma tena mara tano. Mara zote tano jibu lilikuwa moja. Nikalinganisha namba za ukaguzi, zinazokokotolewa kutoka baiti zote za chipu, na zile zilizomo ndani ya kodi ya MAME, emuleta maarufu ya michezo ya mashine za sarafu, ambayo huorodhesha namba hizo kwa kila chipu ya kila mchezo inaoujua. Zote nne zililingana. Fundi alisema kweli.

Nilizipanga kumbukumbuni kwa alfabeti ya herufi zinazozitambulisha, E, F, G, H, nikaiwasha prosesa yangu, ikapotea njia papo hapo. Kumbe H ndiyo ya kwanza, na mpangilio unarudi nyuma hadi E. Nilipozipanga upya, baiti sita za mwanzo, kwa namba za hesabu ya kumi na sita (A hadi F nazo ni tarakimu), zilikuwa hizi:

00 00 00 C3 D4 18

Naomba utulie hapa nami kidogo. 00 kwa 8080 ni amri ya kutofanya kitu. Tatu mfululizo: tulia, tulia, tulia. C3 maana yake ruka, na baiti mbili zinazofuata ni anwani ya kurukia, ila 8080 huandika anwani kinyume, kipande kidogo kwanza. Kwa hiyo D4 18 inasomwa 18D4. Nikaifuata kwa kidole kwenye skrini hadi 18D4, na pale nikakuta programu inaanza kujipanga. Nilihisi kama nimefungua mlango wa nyumba ambayo mwenyewe ameondoka zamani na taa bado inawaka. Tangu siku ile nimesoma maelezo mengi marefu kuhusu kompyuta, na hakuna lililonifundisha kama zile baiti sita.

Picha ya kwanza ilitokea imelala ubavu. Kumbukumbu ya picha ya mchezo huu ni baiti 7,168, biti moja kwa kila pikseli, imewaka au haijawaka. Imepangwa kama skrini pana, lakini ndani ya kabati lake kioo kilifungwa kikiwa kimegeuzwa nyuzi 90. Nikaigeuza nami. Maandishi yakasimama wima. Ngao nne za kijani zikatokea mahali pake, ingawa kwangu zilikuwa bado nyeupe. Wavamizi hawakuwapo.

Hapo ndipo nilipojifunza kuhusu chipu ya kusogeza biti, na niliipenda. 8080 inaweza kusogeza biti hatua moja tu kwa amri moja. Baiti moja ya picha inabeba pikseli nane, na mvamizi anaweza kusimama katikati ya baiti mbili, kwa hiyo kumchora kunahitaji kuzisogeza biti zake hatua tatu, nne, hata saba. Prosesa ile ingefanya kazi hiyo peke yake, fremu, yaani picha moja ya skrini, ingeisha kabla haijamaliza. Waliounda mashine wakaiwekea chipu ya pembeni, inayofikiwa kwa milango, njia za prosesa kuongea na vifaa vingine: unaitumia baiti mbili kupitia mlango wa 4, unaiambia kupitia mlango wa 2 isogeze hatua ngapi, unachukua jibu kwenye mlango wa 3. Mlango wangu wa 3 ulikuwa unarudisha sifuri siku zote. Wavamizi walikuwa wanachorwa kwa sifuri, yaani giza. Nikaandika mistari michache ya kodi, labda kumi, nikawasha tena. Wakatokea wote 55, safu tano za kumi na mmoja, wamesimama wananitazama.

Walikuwa wamesimama kweli, hawaendi kama inavyopasa. Mashine hii hukatizwa mara mbili kwa kila fremu, yaani prosesa husimamishwa kidogo ifanye kazi nyingine: mara moja mwali unaochora skrini ukiwa njiani, mara nyingine ukimaliza. Kila mkatizo una kazi zake. Mimi nilikuwa natuma mmoja tu, wa mwisho, kwa kuwa kila kitu nilichowahi kuandika kabla ya hapo kilihitaji mmoja. Nikaongeza wa kati. Safu ikaanza kutembea.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Aliyewahi kucheza Space Invaders anajua kwamba wavamizi huongeza kasi kadiri unavyowapunguza. Mwanzo wanaburuta miguu. Wakibaki kumi wanatembea haraka. Akibaki mmoja anapita skrini nzima kwa chini ya sekunde mbili, na vidole vyako vinatoka jasho. Niliamini kwamba mahali fulani ndani ya zile kilobaiti 8 kuna jedwali la kasi: wakiwa 55 kasi hii, wakiwa 20 kasi ile. Nililitafuta ili nilione kwa macho.

Nilichokikuta ni kwamba mchezo humsogeza mvamizi mmoja tu kwa kila fremu. Basi. Kuna kielekezi kinachopita kutoka mvamizi hadi mvamizi, kikiwaruka waliokufa, na kila fremu kinamhudumia mmoja. Fremu ni 60 kwa sekunde. Wakiwa 55, safu nzima inahitaji karibu sekunde moja ili wote wapige hatua moja, na ndiyo maana ukitazama kwa makini unaona safu inajikunja kama wimbi, mmoja baada ya mwingine. Wakibaki kumi, hatua inakamilika kwa moja ya sita ya sekunde. Akibaki mmoja, zamu ni yake kila fremu.

Tomohiro Nishikado, aliyeubuni mchezo huu katika kampuni ya Taito na kuunda hata vifaa vyake, alikuwa na prosesa isiyoweza kuwasogeza wote kwa pamoja. Aliona kwamba wakipungua wanakimbia, akaacha iwe hivyo. Ule woga wa mwisho wa mchezo, ambao umewatoa watu jasho kwa miongo, ulizaliwa na uchovu wa mashine.

Ndiyo sababu namwambia kila anayeanza kuandika emuleta: usiihurumie mashine. Kompyuta yangu ina kasi mara maelfu kuliko ile 8080 yenye mapigo milioni 2 kwa sekunde. Mara ya kwanza nilipoiacha ikimbie bila breki, mchezo wote uliisha kabla sijaweka mkono kwenye kibodi. Kazi kubwa ya emuleta ni kujizuia. Kila amri ina idadi ya mapigo yake, 4 kwa zile fupi, 10 kwa kuruka, 18 kwa ndefu kuliko zote. Unayahesabu hadi yatimie kama 33,000, unachora fremu, halafu unangoja. Kompyuta yangu hutumia sehemu kubwa ya muda wake ikingoja tu, na kungoja huko ndiko mchezo.

Nimeona watu wakipendekeza "kuboresha". Mfano wa Pac-Man wa kampuni ya Namco, wa mwaka 1980, kazi ya Toru Iwatani, unajulikana sana. Namba ya hatua imehifadhiwa kwenye baiti moja, na baiti haivuki 255. Ukifika hatua ya 256, programu inayochora matunda chini ya skrini inachanganyikiwa, inachora mengi kupita kiasi, na nusu ya kulia ya kioo inajaa herufi na vipande vya rangi. Vidonge vya kula havitoshi tena, na hatua haiwezi kuisha. Au yule zimwi wa waridi, Pinky, anayelenga miraba minne mbele ya Pac-Man: Pac-Man akitazama juu, hesabu inateleza na shabaha inahamia pia miraba minne kushoto. Ni kosa, ndiyo. Lakini wachezaji wa kweli wamejenga mbinu zao juu ya kosa hilo. Ukilirekebisha umewanyang'anya mchezo wao. Emuleta nzuri haimrekebishi Pinky. Wala haina haja ya kujua kwamba Pinky yupo. Inatenda ya Z80, prosesa ya Pac-Man, kwa uaminifu, na kosa linakuja lenyewe, mahali pake, bila kuitwa.

Rangi ni hadithi fupi. Ngao zangu zilikuwa nyeupe kwa sababu hakuna rangi yoyote ndani ya chipu. Kwenye makabati mengi kioo kilikuwa cha nyeusi na nyeupe, na ukanda wa plastiki angavu wa rangi ulibandikwa mbele yake, kijani chini na mwekundu juu. Risasi ikipanda inabadilika rangi kwa kupita nyuma ya plastiki. Nikapaka mikanda hiyo kwa kodi, dakika kumi, nikaendelea.

Sauti ilikuwa ngumu kuliko vyote. Hakuna sauti iliyoandikwa kwenye chipu za programu. Prosesa hurusha tu biti kwenye milango ya 3 na 5, na saketi za vipinga na kapasita ndizo zinazopiga kelele. Ukitaka kuifuata hadi mwisho lazima uige umeme wenyewe. Kwa sasa ninatumia rekodi fupi za kila mlio, na ninakiri kwamba hapo bado sijawa mwaminifu. Pong ya 1972 inanitisha zaidi kwa sababu hiyohiyo: haina prosesa wala programu ya kunakili, ni chipu za mantiki zilizounganishwa kwa waya, na mchezo ni umeme mtupu.

Ninayoyafanya chumbani peke yangu kwa mchezo mmoja, wengine wameyafanya kwa maelfu. Nicola Salmoria, Mwitalia, alitoa toleo la kwanza la MAME tarehe 5 Februari 1997, na tangu hapo watu wa kila aina wameendelea kulijenga. Tangu 2016 kodi yake ni huru kabisa. Watu wanalifahamu kama kitu cha kuchezea gemu za bure, na mimi husikitika kidogo nikisikia hivyo. Fungua kodi yake usome dereva, yaani sehemu inayoeleza bodi moja: ramani ya kumbukumbu, kasi ya kila prosesa, chipu ya sauti, maana ya kila swichi. Ni maelezo ya jinsi mashine ilivyokuwa, yaliyoandikwa kwa lugha ambayo unaweza kuiendesha ukaona kama ni kweli.

Na haraka ipo. Capcom, kampuni nyingine ya michezo, walipotoa bodi za mashine zinazoitwa CPS-2 mwaka 1993, programu ilifungwa kwa siri, na funguo zake zikawekwa kwenye kumbukumbu inayolindwa na betri. Betri ikiisha, funguo zinafutika, na bodi nzima haiwaki tena hata kama kila chipu ni nzima. Mwaka 2001 kikundi kilichojiita CPS2Shock kilifanikiwa kuzitoa programu zikiwa zimefunguliwa, na mwaka 2007 Salmoria akishirikiana na Andreas Naive wakaivunja siri yenyewe. Kila nikisoma habari hiyo huwaza betri zilizokuwa zikiisha mahali fulani gizani katika miaka ile yote ya kungoja.

Programu nilizozitoa kwenye bodi ile zinabaki kwangu. Zina wenyewe, na wenye haki bado wapo. Emuleta ni yangu na nitaitoa. Chipu nne sitazitoa, kwa hiyo nisiombwe.

Wiki iliyopita nilimwalika fundi aje aone. Nilikuwa nimemaliza DAA, pointi zinahesabika, mikanda ya rangi imekaa. Alivuta kiti, akaweka vidole, akacheza bila kusema neno hadi wakabaki kama ishirini. Halafu akainua mkono kutoka kwenye vitufe.

"Hatua zao zinachelewa," akasema.

Nikamwambia zinaenda vizuri, mzee wangu, nimehesabu kila pigo la prosesa.

"Sioni kwa macho. Nasikia. Mguu unatua, halafu ndiyo mlio unakuja."

Nilifungua kodi ya sauti mbele yake. Ule mwendo wa noti nne za besi, unaokaza kadiri wavamizi wanavyopungua, ulikuwa unapitia kwenye bafa, foleni ya kungojea, ya sampuli 2,048, yaani vipande vidogo vya sauti. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, hiyo ni milisekunde 46. Karibu fremu tatu. Sikuwahi kuisikia tofauti hiyo. Yeye aliisikia, baada ya miaka mingi bila kuugusa mchezo huu, kwenye spika ndogo za kompyuta.

Nikaishusha hadi 512. Nikawasha upya. Akaanza tena kutoka wavamizi 55, taratibu, akiwala kutoka pembeni kuelekea katikati kama mtu anayepukuchua mahindi. Noti zikakaza. Wakabaki watano, wawili, mmoja. Yule mmoja akaanza kukimbia ukuta hadi ukuta, zamu yake kila fremu, na fundi akasogea mbele kidogo kwenye kiti, akanyamaza, akangoja apite.